Mtu wa Kumkabidhi Muhonja

Nzembi alikipaka chokaa chumba cha mbele, kikakauka, akakipaka tena, na bado hakumwambia mtu yeyote anamtengenezea nani.

Nyumba ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Kaloleni, ya mawe na vigae, na ua wa miti ya kayaba mbele. Babake alikuwa akiukata ua ule ukawa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Sasa ulijiotea unavyotaka. Baba alikwenda zamani. Mama naye walimzika Kangundo mwaka uliotangulia. Kaka yake, Kyule, alikuwa Mombasa na mkewe, na salamu zake zilifika Krismasi kwa Krismasi. Nzembi akabaki na vyumba viwili, jiko la nyuma, na mashine ya kufuma sweta za shule. Mashine ndiyo iliyokuwa na maneno mle ndani: krrr ikienda, krrr ikirudi. Siku ambazo hapakuwa na kazi aliisukuma hivyo hivyo bila uzi, angalau nyumba isikike ina mtu.

Ndipo Muhonja akaanza kutafuta nyumba.

Hawa wawili walilelewa ukuta kwa ukuta. Babake Muhonja, Mzee Dishon, alikuwa mtu wa reli, na alipostaafu alifunga virago akarudi Vihiga na jamaa yake yote, isipokuwa huyu binti aliyekuwa bweni. Mpaka darasa la nane wasichana hao walikalia dawati moja, wakanyang'anyana penseli moja. Hapo njia ikagawanyika. Muhonja akaenda sekondari na kutoka huko akaingia chuo kikuu. Nzembi akabaki kuuguza, kwanza baba, kisha mama, na katikati akajifunza kufuma. Sasa Muhonja alikuwa ameanza shahada ya pili, na wenzake wa shahada hiyo walikuwa wameambiwa mabweni yamejaa, kila mtu ajitafutie pa kulaza kichwa.

Alikuja Kaloleni jioni, akavua viatu, akajitupa juu ya kitanda kitupu cha chumba cha mbele kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Nzembi, nitembeze," akasema. "Wewe ndiye unaijua Eastlands. Mimi nimekaa sana huko kwa mabweni, nimekuwa mgeni kwetu."

"Unataka nyumba ya namna gani?"

"Chumba tu. Nitie meza, nitie kitanda, nifunge mlango." Akainua macho akatazama kuta. "Hiki kimekuwa kizuri. Unataka kupangisha?"

Nzembi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. "Sijui bado," akasema.

"Ukipangisha, usimpe mlevi."

Basi. Chai ikanywewa, mgeni akaenda zake.

Mtu angeuliza, kwani kulikuwa na ugumu gani wa kusema: kaa hapa? Lakini mama Nzembi alikuwa akifundisha kwamba mgeni hukaribishwa akiwa mlangoni, havutwi mkono kutoka barabarani. Tena kulikuwa na jambo la pili. Mtu aliyesoma mpaka akapita wenzake wote, ukimwambia njoo ukae kwangu, unampa au unamwomba? Nzembi hakujua. Na neno "hapana" likishatoka kinywani mwa rafiki halirudi. Mnabaki kulikanyaga kila mnapokutana. Akaona heri amtembeze. Akiona nyumba za watu, moyo wake wenyewe utamrudisha.

Jioni hiyo hiyo aliihamisha mashine akaipeleka jikoni, ili chumba cha mbele kisisikie kelele.

*

Walianza na Baba Dogo, kwa sababu Muhonja alisikia vyumba vya huko havina masharti. Ploti ilikuwa ndefu, milango imetazamana kama watu walio kwenye foleni mbili, na juu ya mabati ulikuwa umetua unga wa kijivu kutoka kiwanda cha jirani. Mlinzi wa ploti, Opicho, alitoka na fulana iliyotoboka begani na uso wa bashasha.

"Karibuni, karibuni. Nani kati yenu anahama?"

"Ni mimi," Muhonja akasema.

"Madam, hapa hutalala njaa, maana majirani ni wazuri. Lakini usingizi sikuahidi. Hicho kiwanda kina zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na kila zamu ina king'ora chake."

"Angalau unasema ukweli," Muhonja akacheka.

"Ukweli ni bure. Wewe ni wa wapi, madam? Hiyo sauti ni ya kwetu upande wa magharibi."

"Vihiga."

"Vihiga kwa nani?"

"Kwa Dishon."

"Dishon wa reli? Aliyekaa Kaloleni? Aliyekuwa akipiga ngoma ya kanisa?" Opicho akawageukia akina mama waliokuwa wakifua karibu na mfereji. "Hebu njoeni muone binti ya Dishon. Amesoma chuo kikuu."

Akina mama wakaja na mapovu mikononi, wakasalimia kwa viwiko vya mikono. Mmoja akamshika Muhonja kidevu akasema macho ni ya babake mtupu. Kabla mlango wa chumba haujafunguliwa, Opicho alikuwa ameshamweleza habari za chama chao cha mazishi, jinsi wanavyosafirisha maiti mpaka nyumbani, na jinsi katibu wao alivyo mtu mwema ila mwandiko wake ni kama kuku amepita.

"Mungu amejibu," Opicho akasema. "Tulikuwa tunamtafuta mtu wa kalamu."

Muhonja alitazama chumba kwa adabu, akashukuru kwa adabu. Walipofika barabarani alishika tumbo.

"Umeona, Nzembi? Hata kitanda sijaleta, nishakuwa katibu wa mazishi."

Walicheka pamoja mpaka wakasimama. Kicheko kilipoisha, Muhonja akasema kwa sauti nyingine: "Mimi nataka mahali nisipojulikana. Nikifunga mlango mchana, mtu asije kuuliza kama naumwa. Nisiwe binti ya mtu. Niandike ile kazi mpaka iishe."

Nzembi aliinama akatoa mchanga kwenye ndala yake, ingawa haukuwemo. "Na Kaloleni je?" akauliza akiwa ameinama.

"Kaloleni?" Muhonja akatabasamu. "Kaloleni nitakuwa binti ya Dishon mpaka mvi zinitoke. Yule jirani yenu Mama Bwire peke yake atanimaliza. Sijafungua kitabu, ameshaleta barua ya mjukuu wake nimsomee, halafu nimjibie, halafu anieleze kwa nini mjukuu hana adabu."

"Kweli," Nzembi akasema. Maana ilikuwa kweli.

Lakini alipofika nyumbani aliigeuza kweli ile akaitazama upande wa pili. Kaloleni ni Kaloleni, akajiambia, na chumba ni chumba. Muhonja alikataa mtaa, chumba hakukitaja. Mlango unaweza kulindwa. Yeye mwenyewe angekaa pale mlangoni na sindano zake, Mama Bwire akija angemwambia, mama, anasoma, lete barua nikusomee mimi. Kusoma barua si lazima uwe na shahada.

Palikuwa pamebaki mahali pamoja pa kuona, mtaa uitwao Tena. Nzembi akakata shauri: huko Tena wakikataliwa, wakiwa njiani kurudi atafungua kinywa aseme, liwe liwalo. Alilifanyia mazoezi neno hilo jikoni mbele ya mashine. Kuna chumba kwangu. Nitalinda mlango.

*

Mtaa wa Tena ulikuwa kimya Jumamosi ile. Nyumba za ghorofa moja, mageti meusi, nguo zimeanikwa nyuma mtu asizione. Vijana wawili walikuwa wameegemea ukuta wakila miwa.

"Niaje masista," mmoja akasema. "Mnasaka keja?"

"Tunatafuta chumba," Muhonja akajibu.

"Geti ya tatu, kwa Mama Ndete. Ako na rum fiti huko juu. Lakini yule mathe hapatiangi manzi ako solo."

"Kwa nini hampi msichana aliye peke yake?"

"Muulize yeye. Sisi alitukataa tukiwa wawili."

Mama Ndete alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mjane wa karani, mtu wa Machakos. Waliambiwa waingie, wakamkuta ameketi nyuma ya nyumba na uteo mapajani, akichambua mbaazi. Chumba chenyewe kilikuwa kimejengwa juu ya jiko lake, na ngazi ya saruji ilipanda kwa nje. Aliwapa ufunguo bila kusimama.

Juu kulikuwa na dirisha moja pana lililotazama mabati ya watu na anga. Palikuwa na meza iliyoachwa na mpangaji wa zamani. Muhonja hakusema kitu. Alisogea akaweka viganja viwili juu ya meza ile, akasimama hivyo. Nzembi alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Alimjua yule msichana tangu hajaota meno ya pili, na alijua anavyonyamaza akitaka kitu sana.

Wakashuka.

"Kimekupendeza?" Mama Ndete akauliza.

"Sana, mama."

"Mumeo anafanya kazi wapi?"

"Sijaolewa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu."

"Mwanafunzi mzima hivi?"

"Niko kwenye shahada ya pili, mama."

"Ya kwanza ilikuwa na shida gani?"

Muhonja akacheka, lakini Mama Ndete hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati. Akatoa mbaazi iliyooza akaitupa.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Msichana peke yake simpi chumba. Usidhani nakudhania mabaya. Aliyekaa hapo mwisho alikuwa kama wewe, mpole, na karatasi zake. Akaugua. Nikambeba mimi mpaka hospitali, nikaulizwa, wewe ni nani wake? Nikasema mimi ni mwenye nyumba. Wakasema basi mlete mtu wake. Sikumjua hata mmoja. Nilikaa kwenye lile benchi na binti wa watu mpaka nikalia. Tangu siku hiyo hapa haingii mtu asiye na mtu. Lete mtu wako anikabidhi, aseme huyu ni wetu, tumekuachia. Hapo nitakupa ufunguo hata leo."

"Baba yangu yuko Vihiga, mama. Anaweza kuja mwezi ujao."

"Vihiga ni mbali. Siku ukianguka hapo kwenye ngazi, nikipiga kelele atasikia? Nataka mtu wa hapa. Na chumba kina watu wengine wanakiulizia."

Muhonja alifungua mkono, akatazama ufunguo, akauweka juu ya ukingo wa karo la kuoshea vyombo polepole. "Asante, mama," akasema. "Tumekuelewa." Sauti yake ilikuwa nzuri tu. Ila macho yalipanda tena mpaka kwenye lile dirisha, yakakawia kushuka.

Basi Tena ilikuwa imekataa. Kilichobaki kwa Nzembi ni kutoka getini na kusema neno alilolifanyia mazoezi. Hakuhitaji kufanya chochote zaidi ya kunyamaza, na kunyamaza alikuwa fundi wake. Aligeuka kweli, akapiga hatua kuelekea getini. Kisha miguu ikamgomea.

Akarudi, akachuchumaa karibu na uteo, akasema kwa Kikamba: "Mama, mtu wake ni mimi."

Mama Ndete aliinua uso. Lugha ya nyumbani ilimlegeza mabega. "Wewe? Wewe ni binti wa wapi?"

"Kangundo. Kwa Maingi wa kinu."

"Maingi wa kinu cha juu ama cha mtoni?"

"Cha mtoni."

"Basi shangazi yako aliolewa kwetu," Mama Ndete akasema, na tangu hapo Nzembi hakuwa mgeni. "Na huyu umempata wapi, naye si Mkamba?"

"Tumelelewa pamoja. Mama yangu alimwogesha na mimi beseni moja. Akiugua niite mimi. Akikosa niite mimi."

"Unakaa wapi?"

"Kaloleni."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Vyumba vingapi?"

"Viwili."

Mkono wa Mama Ndete ulisimama juu ya mbaazi. "Hebu ngoja. Mtu ni wako, mmeoga beseni moja, chumba unacho, na bado unaniletea mimi? Mbona usikae naye? Ana nini huyu?"

Muhonja alikuwa amesimama karibu na karo. Alikijua Kikamba cha uani, cha kuombea chumvi na cha kutukanana. Kukisema kulimshinda kidogo, kukisikia hakukumpita hata neno. Nzembi hakugeuka kumtazama. Alisikia tu kwamba viatu vya Muhonja vimeacha kuchezacheza sarujini.

Ukweli ulikuwa papo hapo ulimini. Angesema: hajataka, mama. Na Mama Ndete angejibu, kama amekataa kukaa na watu wake, mimi nitamweza? Ufunguo ungerudi kwenye pindo la lesso, na safari ingekuwa ya Kaloleni, wawili, na chumba kimepakwa chokaa. Labda. Na kila jioni Muhonja angefunga mlango ule akiwaza dirisha la Tena.

"Hana neno lolote, mama," Nzembi akasema. "Ni mimi nisiyetaka."

"Hutaki kwa nini?"

"Nimezoea kukaa peke yangu. Mtu akiingia nyumbani kwangu, hata awe ndugu, naanza kumnunia kwa sababu ya kijiko. Ni ugonjwa wangu, si wake. Ningekuwa na tabia kama za watu, nisingemwacha."

Mama Ndete alimkazia macho, kisha kifua chake chote kikatikisika kwa kicheko. "Hiyo ni tabia ya bibi kizee, mwanangu. Utaolewa na nani wewe, paka?" Akaweka uteo chini, akapangusa mikono, akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie. "Haya. Nikabidhi."

Nzembi hakujua vinavyofanywa. Alimshika Muhonja mkono, ukiwa baridi, akauweka katika mkono wa Mama Ndete wenye vumbi la mbaazi.

"Huyu ni wetu," akasema. "Tumekuachia."

"Tumepokea," Mama Ndete akasema.

"Mbona kama naolewa," Muhonja akasema, na wote watatu wakacheka.

*

Njiani Muhonja alitembea haraka mpaka walipozipita nyumba za mwisho za Tena. Halafu akamshika Nzembi kiwiko.

"Nilisikia ulivyosema."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia? Mwezi mzima nimekuwa na dhambi moyoni. Naona kile chumba, umekipaka, nasema moyoni, nisipokwenda kukaa kwa Nzembi nitamvunja moyo. Nikawa siwezi hata kukitaja. Kumbe wewe mwenyewe hutaki mtu." Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sisi tunafanana, unajua? Hatujawahi kuambiana tu."

"Tunafanana," Nzembi akasema.

"Hukukasirika?"

"Nikasirike na nini?"

Muhonja akamkumbatia pale pale kando ya barabara, na wale vijana wa miwa waliokuwa wakipita wakapiga mbinja. Nzembi alisimama mikono ikiwa imeanguka kando, akaona rafiki yake ana furaha kuliko alivyomwona tangu siku ile matokeo ya darasa la nane yalipotoka. Na furaha hiyo ni yeye aliyeileta, kwa hivyo hakuweza hata kuilaumu.

Kuhama kulikwisha mara moja, maana mwanafunzi ana nini. Nzembi alibeba godoro, akapanga vitabu, akafagia. Muhonja akasema, "Uje, eh? Lakini uje nikikuita, maana nikianza kuandika sitaki kukukosea." Nzembi akasema haya.

Hakuitwa. Si kwa ubaya. Kazi ile ilikuwa kubwa, na Muhonja alidhani anamheshimu mtu apendaye upweke.

Lakini Mama Ndete alikuwa na sheria yake. Aliyekabidhi ana deni la kuja, asikie hali ya mtu wake. Basi kila mwezi ukielekea kuisha Nzembi alivaa nguo ya kanisa, akaenda Tena, akaketi katika jiko la Mama Ndete, chini kabisa ya kile chumba, akanywa chai kwa viazi vitamu.

"Mtu wako hajambo," Mama Ndete angesema. "Amekonda kidogo. Taa inawaka mpaka usiku. Mgeni hana. Wiki iliyopita nilimpelekea isyo, mahindi na maharagwe yetu, akanirudishia bakuli limeoshwa likang'aa."

"Alikuwa hivyo tangu utoto."

"Panda basi umsalimu. Ngazi si hiyo?"

"Anasoma, mama."

"Umejuaje?"

Nzembi alielekeza kidole juu. Kiti kilikuwa kikilia kidogo darini kila mtu aliyekikalia alipoinama na kuinuka, inama, inuka. Kwa mara chache alikuwa ameshakijua kiti kile. Alijua kikinyamaza ni anafikiri, na kikisukumwa nyuma ni amechoka.

Siku moja kikasukumwa nyuma. Nyayo zikavuka chumba mpaka mlangoni, juu ya ngazi, zikasimama. Zikakaa pale kitambo, kama mtu anayewaza aende wapi na hana pa kwenda. Mama Ndete alimtazama Nzembi, akangoja aite. Lingekuwa jina moja tu, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Nzembi alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa ameshasema kwa kinywa chake yeye ni mtu wa namna gani, na ameaminiwa.

Nyayo zikarudi. Kiti kikavutwa. Mama Ndete akamwongezea chai bila kuuliza, na wakaendelea na habari za Kangundo, za shangazi aliyeolewa, na kama mvua ya huko ilitosha mwaka huu.